Lubumbashi: Sindano ndogo kwenye bawa la kuku, na swali kubwa juu ya kinga katika mji wa madini

Kutoka Katuba hadi Ruashi, kutoka Kenya hadi pembeni mwa Kasapa, kuku wa Lubumbashi wanachakura udongo uleule ambao watoto wanauchezea. Siku wakianza kufa mmoja mmoja, mwenye lupango anauliza swali moja: ni ugonjwa gani umeingia? Kuna swali la pili ambalo haliulizwi sana, na katika mji wa madini lina uzito mkubwa: kwa nini mwili wa kuku huyu umeshindwa kujitetea, wakati kuku wa jirani ameugua na kupona?

Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, wataalamu wa ndege wana njia ya kuliuliza swali hilo bila mashine kubwa. Wanahitaji sindano, dutu inayotolewa kwenye maharagi, chombo cha kupima unene wa ngozi, na subira ya masaa 24. Ngozi ya bawa inavimba. Kadiri inavyovimba, ndivyo mtaalamu anavyopata dalili ya namna chembe za kinga za ndege huyo zinavyoitika.

Kipimo hicho ni rahisi kufanya, lakini si rahisi kukisoma. Na kwa mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, kinaweza kujibu jambo ambalo kupima madini katika damu peke yake hakuwezi kulijibu.

Dutu inayotoka ndani ya chungu cha jikoni

Mama yeyote wa Lubumbashi anajua kwamba maharagi mekundu hayaivi haraka. Yanalowekwa, yanachemshwa kwa muda mrefu juu ya makala, na yule anayeyala kabla hayajaiva anaweza kutapika na kuharisha. Sababu kubwa ni protini moja iliyo nyingi katika maharagi hayo, ambayo wanasayansi wanaiita fitohemaglutinini. Moto mkali wa kuchemsha unaiharibu. Moto mdogo usiofika kuchemka hauitoshi.

Protini hiyo ina tabia ya kushikamana na aina fulani za sukari zilizo juu ya chembe za mwili. Ikiwekwa ndani ya damu, chembe nyekundu zinagandamana, na ndipo jina lake lilipotoka. Mwaka 1960 mtafiti wa Marekani Peter Nowell aligundua jambo lingine: ikiwekwa pamoja na chembe nyeupe za damu ya binadamu katika maabara, chembe hizo zinaamka na kuanza kugawanyika, kana kwamba zimemwona adui.

Hapo ndipo wazo la kipimo lilipozaliwa. Kama dutu hii inaamsha chembe za kinga ndani ya chupa, inaweza kuziamsha pia chini ya ngozi ya mnyama aliye hai, na ngozi ikavimba. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuku walioondolewa tezi ya thaimasi wangali vifaranga. Tezi hiyo iko shingoni mwa kuku, na ndiyo inayolea chembe za kinga zinazoitwa chembe T. Kuku hao walipochomwa dutu ya maharagi, ngozi yao ilivimba kidogo kuliko ya wenzao waliobaki na tezi. Uvimbe ulikuwa unasema kitu kuhusu chembe T.

Kipimo kinafanyika namna gani

Mtaalamu anamshika ndege na kulifungua bawa. Kati ya bega na kiungo cha mbele cha bawa kuna ngozi nyembamba iliyotanuka kama kitambaa. Anang'oa manyoya machache hapo, kisha anapima unene wa ngozi kwa mikromita, chombo kinachofanana na kile mafundi wa magari wanatumia kupima vyuma, lakini chenye kubana polepole ili kisiiminye ngozi. Kinaweza kuonyesha tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita.

Halafu anachoma sindano nyembamba sana. Kwa kuku, kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.1 ya dutu hiyo katika mililita 0.1 ya maji ya chumvi yaliyosafishwa. Kwa ndege wadogo maji yanakuwa machache zaidi. Kesho yake, saa ileile, anapima tena mahali palepale, mara tatu, na kuchukua wastani. Tofauti kati ya jana na leo ndiyo jibu. Kwa mfano, ngozi iliyokuwa milimita 0.90 ikifika 1.60, uvimbe ni milimita 0.70. Baada ya siku chache ngozi inarudi kama ilivyokuwa.

Zamani ilibidi bawa la pili lichomwe maji ya chumvi matupu, ili kujua ni uvimbe gani umeletwa na jeraha la sindano tu. Mwaka 1999 Judit Smits, Gary Bortolotti na José Luis Tella walionyesha kwamba bawa hilo la pili halihitajiki: kumpima ndege kabla na baada kunatosha, makosa ya vipimo yanapungua, na ndege anashikwa kwa muda mfupi zaidi. Tangu hapo kipimo kilienea haraka, kwa ndege wa porini na wa kufugwa.

Kwa wakaaji wa Lubumbashi, njia hii si ngeni kabisa. Inafanana na kipimo cha tuberkulini cha kifua kikuu, ambacho mganga Mfaransa Charles Mantoux alikieleza mwaka 1908: unachomwa kidogo kwenye mkono, unarudi baada ya siku mbili au tatu, muuguzi anapima uvimbe kwa milimita. Tofauti ni kwamba tuberkulini inauliza kama mwili umewahi kukutana na kijidudu fulani. Dutu ya maharagi haiulizi juu ya adui mmoja. Inagonga mlango tu, na kuangalia ni chembe ngapi zinatoka kuitika.

Ulinganisho huo unafundisha jambo lingine. Mgonjwa aliyedhoofishwa na utapiamlo au na Ukimwi anaweza kuwa na kifua kikuu na mkono wake usivimbe vya kutosha. Ndiyo maana waganga wanahesabu milimita 5 kuwa jibu la ndiyo kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, wakati kwa wengine wengi wanangojea milimita 10. Mwili uliochoka hauna nguvu ya kuvimba. Kwa ndege ni vilevile: njaa, minyoo, baridi na woga vinaweza kupunguza uvimbe.

Uvimbe mkubwa si lazima uwe afya kubwa

Hapa ndipo kipimo kilipoleta mabishano. Kwa miaka mingi watafiti waliandika kwamba ndege aliyevimba sana ana kinga bora, na aliyevimba kidogo ana kinga dhaifu. Mwaka 2006 kundi la watafiti lilichukua vipande vya ngozi iliyovimba ya shomoro na kuviangalia kwa hadubini. Ndani yake hawakukuta chembe T peke yake. Walikuta mchanganyiko wa aina nyingi za chembe nyeupe, zikiwemo zile zinazokimbilia kidonda chochote bila kuchagua adui. Mwaka huohuo Malcolm Kennedy na Ruedi Nager waliwaonya wenzao wasiuchukue uvimbe kama namba moja inayojumlisha kinga yote ya ndege.

Mwaka 2008 Tella na wenzake walijibu kwa kuonyesha kwamba uvimbe unaendana kweli na wingi wa chembe T zinazozunguka katika damu. Kipimo hakikutupwa. Lakini tangu hapo mtafiti makini anaandika kile alichokiona: nguvu ya ngozi kuitika. Hasemi tena kwamba ndege huyu ni mzima na yule ni mgonjwa. Tena halinganishi ndege mmoja na mmoja, kwa sababu umri, jinsia na aina ya kuku vinabadilisha jibu. Analinganisha kundi na kundi: waliokula chakula hiki na waliokula kile, wa hapa karibu na kiwanda na wa kule mbali.

Upande ambao bawa halionyeshi

Kuna sehemu nyingine ya kinga ambayo sindano ya bawa haiangalii vizuri, nayo pia iligunduliwa kwa kuku. Juu ya njia ya kinyesi, kifaranga ana kifuko kidogo ambacho Fabricius, mwalimu wa Padua huko Italia, alikieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1621. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950, huko Ohio, Marekani, mwanafunzi Bruce Glick alikuwa akiwaondolea kuku kifuko hicho. Mwenzake Timothy Chang alipowachukua baadhi yao kwa somo darasani na kuwachoma salmonela, damu yao haikutengeneza silaha za kumkabili kijidudu huyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956. Leo tunajua kwamba kifuko hicho kinalea chembe B, zile zinazotengeneza silaha hizo za damu, yaani antibodi. Herufi B yenyewe inatoka kwenye bursa, jina la kifuko hicho.

Jambo hili linamgusa mfugaji moja kwa moja. Ugonjwa wa Gumboro, uliotambuliwa Marekani mwaka 1962, unashambulia kifuko hicho hasa. Kuku anayepona Gumboro anaweza kuonekana mzima, anakula na kutembea, lakini akipewa chanjo ya Newcastle mwili wake hauitiki vya kutosha. Ugonjwa ukija, anakufa kama vile hakuchanjwa. Mwenye kuku analaumu chanjo au aliyemuuzia, kumbe kinga ilikuwa imeharibika kabla.

Kwa hiyo, mtafiti anayetaka picha kamili anafanya mambo mawili: anapima uvimbe wa bawa kwa upande wa chembe T, na anachukua damu ili kupima antibodi baada ya chanjo. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Madini mwilini ni jambo moja, kinga ni jambo lingine

Shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa mwaka 1911, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya madini bado ni alama za mji. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), pamoja na wenzake wa hapa na wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa maeneo ya migodi ya Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kwa viwango vya juu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida duniani. Watoto waliguswa kuliko wakubwa, na vumbi lilikuwa kati ya njia kuu zinazoshukiwa.

Kuku anayechakura anaishi ndani ya vumbi hilo. Kule Kabwe, Zambia, kwenye barabara ya Kasumbalesa kwenda Lusaka, mgodi wa risasi, ile ambayo watu wa migodi wanaiita plomb, ulifungwa mwaka 1994. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2013, John Yabe na wenzake walichapisha vipimo vya nyama za kuku wa huko. Kuku wa kienyeji waliokuwa wakijitafutia chakula karibu na mgodi walikuwa na risasi nyingi katika maini na figo, kupita kiwango kinachokubaliwa kwa chakula cha watu. Kuku wa kisasa waliofugwa ndani walikuwa na kiasi kidogo.

Vipimo kama hivyo vinasema ni madini gani yameingia na kwa kiasi gani. Havisemi madini hayo yanafanya nini kwa kinga. Kwa swali hilo, ndege wa Ulaya wametoa majibu mawili yanayofaa kusikilizwa huku.

La kwanza linatoka Hoboken, karibu na Antwerp, Ubelgiji. Kiwanda cha huko kina undugu wa damu na Katanga: kilisafisha madini yaliyotoka huku enzi za ukoloni, na leo kiko mikononi mwa Umicore, mrithi wa Union Minière. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya ndege wadogo wa bustani, wale Wafaransa wanaowaita mésange, waliokamatwa kwa umbali mbalimbali kutoka kiwandani. Waliwachoma chembe nyekundu za damu ya kondoo, zisizoleta ugonjwa, na kupima antibodi. Ndege wa karibu na kiwanda walitengeneza antibodi kidogo kuliko wale wa mbali.

La pili linatoka Hispania. Tarehe 25 Aprili 1998, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Aznalcóllar ulipasuka, na matope yenye asidi na madini yakamwagika kuelekea mbuga ya Doñana, yenye ndege wengi sana. Miaka iliyofuata, watafiti walitumia sindano ya maharagi kwa vifaranga vya korongo weupe na vya mwewe weusi. Kwa korongo, kadiri risasi ilivyokuwa nyingi katika damu, ndivyo ngozi ilivyovimba kidogo, hata pale ambapo risasi haikuwa imefika kiwango cha kumfanya ndege aonekane mgonjwa. Kwa mwewe, uhusiano huo haukuonekana.

Majibu hayo yanafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kinga inaweza kudhoofika kimya kimya, kabla ya dalili yoyote ya nje. Na mnyama mmoja hawezi kusema kwa niaba ya wote: kilichompata korongo hakikumpata mwewe, basi kitakachompata kuku hakiwezi kubebwa moja kwa moja hadi kwa mtoto. Kuku ni mlinzi anayepiga kelele mapema. Hatoi hukumu juu ya afya ya binadamu.

Kwa nini kipimo hiki kinafaa hapa

Vipimo vingi vya kinga vinataka mashine za bei kubwa, dawa zinazokaa kwenye baridi na umeme usiokatika. Sindano ya bawa inataka mikono iliyofundishwa, mikromita nzuri na dutu iliyosafishwa. UNILU ina fakilite ya udaktari wa wanyama, na kuku hawakosekani katika kila komini. Kulinganisha makundi ya kuku wa umbali mbalimbali kutoka viwandani, wenye umri mmoja na chakula kimoja, huku madini katika damu yao yakipimwa pia, ni kazi inayowezekana katika mji huu.

Faida yake isingeishia kwenye vitabu. Mayai mengi yanayoliwa Lubumbashi yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Anayetaka kufuga hapa anapambana na bei ya chakula, na Newcastle, ile pesti ya uwongo ya ndege, inaweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Kujua kama kuku wa eneo fulani wanaitika vizuri au la kungemsaidia daktari wa mifugo kushauri mahali pa kufuga, chakula cha kutoa, na ratiba ya chanjo.

Mfugaji afanye nini leo

Kwanza, kipimo hiki si cha kujaribu nyumbani. Dutu inayotumiwa imesafishwa maabara na kupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu. Maji ya maharagi mabichi yakichomwa kwa kuku yanaweza kumuua. Vilevile, maharagi mabichi yasichanganywe katika chakula cha kuku. Yachemshwe kwanza.

Pili, linda kinga iliyopo. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya aflatoksini, ileile iliyoua zaidi ya bata mzinga 100,000 Uingereza mwaka 1960 kupitia mashudu ya karanga. Hata kwa kiasi kisichoua, sumu hiyo inapunguza nguvu ya kinga na ya chanjo. Mahindi yaliyoharibika, ambayo mtu hawezi kuyasagia unga wa bukari, yasipelekwe kwa kuku.

Tatu, chanja kuku wakiwa wazima. Kuku aliyedhoofika, mwenye minyoo mingi au aliyekwisha kuugua hawezi kuitika vizuri. Kwa Newcastle ipo chanjo ya tone la jicho iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inayovumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo yoyote ile, uliza imekaa wapi kabla ya kukufikia.

Nne, kwa wanaokaa karibu na viwanda, migodi au barabara za magari ya madini: weka chakula ndani ya chombo, usikimwage chini. Toa maji safi, zungushia banda mahali pasipo na udongo wa mabaki ya madini, na uwape kuku kalsiamu ya kutosha, kwa mfano maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Mwili uliokosa kalsiamu unafyonza risasi zaidi.

Na kama kuku waliochanjwa wanaendelea kufa, usibadilishe muuzaji wa chanjo tu. Mpelekee daktari wa mifugo mzoga ambao bado haujaoza, umwambie wanakula nini na wanachakura wapi. Hayo mawili yanaweza kumweleza mengi kuliko jina la ugonjwa.